Natembea, Napunguza Chakula, na Uzito Bado Haupungui: Shida ni Nini?



Safari hii tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu tukitoka mkutanoni. Ni uzito wa mwili, hasa kwa mtu aliyefika umri wa makamo, miaka 40, 50 hivi, na ambaye amejaribu kweli kweli kupungua lakini wapi!

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Hatumpi jina, kwa maana anaweza kuwa yeyote kati yetu hapa Witeithie, au Juja, au Ruiru, au Thika. Ana miaka 48. Ana kibanda cha mboga. Urefu wake ni sentimita 160, na alipopimwa kliniki uzito ulikuwa kilo 84. Daktari akamwambia presha imeanza kupanda, na tena sukari iko karibu kufika mahali pabaya. "Mama, punguza uzito."

Huyu mama hakupuuza. Aliacha chapati za jioni. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, akawa anatembea nusu saa. Miezi mitatu ikapita, akashuka mpaka kilo 79. Watu wakamsifu. Kisha mzani ukasimama. Mwezi wa nne, 79. Mwezi wa tano, 79. Mwezi wa sita, ingawa alikuwa anatembea vilevile, ukasoma 80. Jirani akamwambia, "Wewe unakula usiku kwa siri." Mama alilia. Sasa anafikiria kuchukua mkopo wa chama akanunue chai ya kupunguza mwili, ile inayouzwa kwenye matatu na kwenye simu.

Kabla hajachukua huo mkopo, tukae chini tuelezane.

TULIFIKAJE HAPA?

Zamani mtu mnene alionekana amebarikiwa. Mume wake alisifiwa kwamba anamtunza. Tena miaka ya 1990, ugonjwa wa ukimwi ulipotuumiza sana, mtu akikonda watu walianza kunong'ona. Wengi wetu tulikua tukiogopa kukonda kuliko kunenepa. Si jambo la kuchekesha. Mpaka leo kuna mama anayepungua kwa bidii yake mwenyewe halafu anarudia kula kwa sababu watu wanamuuliza, "Kwani uko mgonjwa?"

Maisha nayo yamebadilika. Wengi wetu tulilelewa tukichota maji mtoni, tukibeba kuni, tukichuma kahawa na kulima kwa jembe. Siku hizi mashamba mengi ya huku yamekatwa ploti. Maji yako kwenye mfereji. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na bodaboda zikajaa kila kona. Mwaka wa 2012 barabara kuu ya Thika ilifunguliwa ikiwa mpya na pana. Tunashukuru kwa maendeleo haya. Lakini ile safari ya miguu ya kwenda sokoni imekuwa ni kuinua mkono tu.

Hesabu za nchi zinaonyesha hivyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2008 na 2009 ulikuta wanawake 25 kwa kila 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Uchunguzi wa 2014 ulikuta ni 33 kwa kila 100. Na uchunguzi mwingine wa 2015, uliohesabu watu wazima wa miaka 18 hadi 69, ulikuta wanawake kama 38 kwa kila 100 na wanaume kama 17. Kwa hivyo mama wetu hayuko peke yake. Katika kikundi cha akina mama 30, kumi na zaidi wanabeba mzigo huo huo.

MWILI SI GUNIA

Watu hufikiri mwili ni kama gunia la mahindi. Ukitoa debe moja, gunia linapungua debe moja. Ukitoa tena, linapungua tena. Lakini gunia halina akili, na mwili unayo. Mungu aliuumba mwili upambane na njaa. Mababu zetu walipitia ukame na nzige, na mwili usiojua kuweka akiba haungevuka. Sasa wewe ukianza kujinyima, mwili haujui kwamba ni daktari amekutuma. Unadhani njaa imeingia nchini. Basi unafanya mambo yafuatayo.

Kwanza, wiki za mwanzo unapoteza maji mengi pamoja na mafuta. Ndiyo maana kilo mbili tatu za kwanza hutoka haraka. Baadaye maji yakishatoka, yanabaki mafuta peke yake, na mafuta hutoka polepole. Mtu anadhani dawa imekataa kufanya kazi, kumbe ni mwendo wa kawaida.

Pili, mwili mdogo unatumia chakula kidogo. Lori likipunguza mzigo linatumia dizeli kidogo. Mama wa kilo 79 hahitaji chakula kile kile alichohitaji akiwa na kilo 84. Ule upunguzaji uliomshusha mwanzoni, sasa unatosha tu kumshikilia pale alipo.

Tatu, mwili unabana matumizi kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka wa 2016 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watu 14 walioshiriki mashindano ya televisheni ya kupunguza uzito. Miaka sita baada ya mashindano, wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza. Hata hivyo miili yao bado ilikuwa inatumia karibu kalori 500 pungufu kila siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. (Kalori ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula. Mtu mzima hutumia kama 2,000 kwa siku, wengine zaidi, wengine chini.) Hao walipungua kilo nyingi sana kwa haraka sana. Kwa anayepungua kidogo kidogo, ubanaji huu ni mdogo zaidi, lakini upo.

Nne, njaa inaongezeka. Mwaka wa 1994 Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York waligundua homoni inayoitwa leptini. Inatoka kwenye mafuta ya mwili na kwenda kuambia ubongo, "Akiba ipo, usihofu." Mafuta yakipungua, leptini nayo inapungua, na ubongo unapiga kengele: tafuta chakula! Kwa hivyo yule mama akisema anasikia njaa kuliko zamani, si uchu na si ukosefu wa imani. Ni kengele ya kweli inalia.

JE, NI MIAKA?

Wengi husema, "Nikifika 40 mwili ulilala, haunguzi chakula tena." Hapa kuna jambo la kushangaza. Mwaka wa 2021 kundi kubwa la wanasayansi, pamoja na Herman Pontzer wa Marekani, lilichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95. Walikuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nguvu hayabadiliki sana kutoka miaka 20 hadi 60. Baada ya 60 ndipo yanaanza kushuka polepole.

Sasa mbona tunanenepa kabla ya hapo? Kuna sababu zake.

Misuli inapungua. Kuanzia miaka ya thelathini mtu asiyefanya kazi za nguvu hupoteza misuli kidogo kidogo kila mwaka. Misuli ndiyo hutumia chakula, na ndiyo hukusaidia kuinuka na kubeba. Mtu anaweza kuwa na kilo zile zile za zamani, lakini ndani misuli imetoka na mafuta yameingia.

Kwa akina mama, hedhi inapokaribia kukoma homoni hubadilika. Mafuta yaliyokuwa yakikaa kwenye mapaja na makalio yanahamia tumboni. Na mafuta ya tumbo, hasa yale ya ndani yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo yanayoleta kisukari, presha na ugonjwa wa moyo kuliko yale ya mapajani.

Usingizi unapungua. Joto la usiku, mawazo ya karo, mtoto ambaye hajarudi, mume anayekoroma. Mtu aliyelala saa nne au tano husikia njaa zaidi kesho yake, na hutamani vitamu.

Tena ni wakati wa kukaa. Ukiwa kijana unatumwa kila mahali. Ukifika miaka 48 wewe ndiwe unatuma. Si ndivyo?

MAZOEZI YANA KAZI GANI BASI?

Kule Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wako ndugu zetu Wahadza wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Huyo Pontzer na wenzake waliwapima, na mwaka wa 2012 wakatoa matokeo. Wanaume walikuwa wanatembea kama kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6. Kila mtu alitarajia kwamba Wahadza wanatumia nguvu nyingi sana kuliko mtu wa ofisini kule Marekani. Kumbe, ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya siku nzima ilikuwa karibu sawa! Yaonekana mwili unaotembea sana hujua kubana matumizi mahali pengine.

Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba kutembea peke yake hakuwezi kufuta chakula kilichozidi. Tufanye hesabu. Mama wetu akitembea nusu saa anatumia kalori kama 130 hivi. Soda moja ya mililita 300 ina karibu kalori hizo hizo. Akitembea halafu anywe soda kwa sababu amechoka, amerudi alikotoka.

Lakini msitoke hapa mkisema mazoezi hayana maana! La hasha. Mazoezi yanashusha presha na sukari hata kama mzani hausogei. Yanalinda misuli na mifupa, yanaleta usingizi, yanapunguza mawazo mengi, na yanasaidia sana uzito uliopungua usirudi. Tukitaka kusema kwa kifupi: chakula ndicho kinachopunguza zaidi, mazoezi ndiyo yanayolinda. Yote mawili yanahitajika, kama jembe na mbegu.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani kama nusu saa kwa siku tano, na mara mbili kwa wiki mazoezi ya kutia misuli nguvu. Hili la pili ndilo tunalosahau. Si lazima uende jimu. Kaa kwenye kiti, inuka bila kushika kitu, kaa tena, mara kumi. Pumzika, rudia. Simama mbele ya ukuta, uweke mikono, uusukume mara kumi. Beba mtungi wa lita tano kila mkono na utembee mpaka mwisho wa ploti. Anza kidogo. Kama una presha ya juu au magoti yanauma, uliza kwanza kliniki.

VITU VINAVYOJIFICHA

Mama wetu anasema, "Mimi sili sana." Nasi tunamwamini. Lakini kuna vitu ambavyo hatuviiti chakula.

Cha kwanza ni chai. Tuseme anakunywa vikombe vitatu kwa siku na kila kimoja anatia vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko tisa. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 4 hivi. Ni gramu 36 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya kilo moja ya sukari, mtu mmoja peke yake! Na bado hatujahesabu maziwa. Kila siku hiyo sukari inaleta kalori karibu 145, kuzidi zile alizotumia kwa kutembea nusu saa.

Cha pili ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120. Familia ya watu wanne ikimaliza lita moja kwa siku tano, kila mtu anapata mililita 50 kwa siku, ambayo ni kama kalori 400. Mboga ni nzuri, lakini sukuma wiki inayoogelea kwenye mafuta si chakula chepesi tena. Usikadirie kwa macho, pima kwa kijiko.

Cha tatu ni kuonja na kumalizia. Unaonja ukipika. Mtoto anaacha nusu ya ugali, unaona ni dhambi kutupa, unamalizia. Mkutanoni kuna mandazi, kwenye mazishi kuna wali na waru, kwenye harusi kuna pilau. Hakuna kimoja kibaya chenyewe, lakini vyote vinaingia kwenye hesabu.

Kina baba nao wasicheke. Chupa ya bia ya nusu lita ina kalori karibu 200, na nyama choma ya Jumapili haiji peke yake.

Haba na haba hujaza kibaba. Tunaijua hiyo tukiweka akiba. Ndivyo ilivyo hata kwa kilo.

JE, HUYU MAMA AMESHINDWA?

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi huvunjika moyo bure.

Mwaka wa 2002 huko Marekani yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kupata kisukari, kama mama wetu. Kundi moja lilisaidiwa kubadilisha chakula na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito. Kwa wastani walipungua kilo tano na nusu hivi. Hawakuwa wembamba! Ukiwaona barabarani ungesema ni wanene bado. Lakini katika kundi hilo kisukari kilipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na wale ambao hawakupewa msaada huo.

Rudini kwa mama wetu. Alikuwa kilo 84. Asilimia 7 ya 84 ni kilo 6 kasoro kidogo. Yeye alishapunguza 5, na anashikilia 4 sasa. Yaani alipokuwa analia kwamba ameshindwa, alikuwa karibu sana na kile kipimo kilichowaokoa wengine na kisukari. Aliyeshindwa ni nani? Ni sisi tuliomwambia anakula kwa siri.

Uzito kusimama si kuanguka. Kushikilia kilo 79 ukiwa na miaka 48, huku mwili unapiga kengele ya njaa, ni kazi kubwa kuliko kupungua zile za kwanza. Akae hapo kwa muda, aone presha na sukari vinasemaje, halafu apunguze kidogo tena kama inafaa. Polepole ndio mwendo.

LINI UENDE KLINIKI?

Mara nyingine kuna sababu nyingine. Nenda upimwe:

1. Kama unanenepa huku umechoka sana, unasikia baridi, ngozi imekauka, au shingo imevimba. Huenda ni tezi ya shingo.

2. Kama unakoroma sana, pumzi inakatika usingizini na mchana unasinzia.

3. Kama ulianza kunenepa baada ya kuanza dawa fulani. Sindano ya kupanga uzazi kwa wengine huongeza uzito, pia baadhi ya dawa za kisukari, za akili, na dawa za aina ya steroidi. Lakini usiache dawa kwa uamuzi wako. Mwulize daktari kama kuna nyingine.

4. Kama miguu inavimba au unapungua bila kujaribu. Kupungua bila sababu si baraka, ni lazima kuchunguzwa.

Tangu mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa wakipewa mikoba yenye mzani, kifaa cha kupima presha na cha kupima sukari. Mwiteni wa kwenu aje siku ya mkutano.

WAUZAJI WA MIUJIZA

Tunarudi kwa ule mkopo. Mama, usiuchukue! Chai nyingi za "kukatisha tumbo" ni dawa za kuharisha tu. Unapoteza maji, mafuta yanabaki. Nyingine ni hatari zaidi. Mwaka wa 2010 dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo wakaguzi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiikuta imefichwa ndani ya vitu vinavyoitwa mitishamba. Mtu mwenye presha akinywa hiyo anacheza na kaburi.

Zipo pia sindano mpya, kama Ozempic na Wegovy, ambazo kweli zinapunguza njaa na uzito. Hizo si za uongo, lakini ni ghali, zinahitaji daktari, na wengi wakiacha uzito hurudi. Mwaka wa 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba za bandia zimepatikana. Usinunue sindano kwa mtu wa mtaani.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Jina letu Witeithie kwa Kikuyu maana yake ni jisaidie mwenyewe. Tujisaidie hivi:

Pimeni tumbo, si kilo peke yake. Hata bila mzani inawezekana. Chukua kamba yenye urefu wako kutoka kisigino hadi kichwani. Ikunje mara mbili. Sasa izungushe tumboni, juu kidogo ya mfupa wa nyonga, bila kuvuta pumzi ndani. Kama ncha hazikutani, tumbo limezidi nusu ya urefu wako, na afya iko hatarini. Kwa tepu ya fundi cherehani, mama akipita sentimita 80 aanze kujiangalia, na akipita 88 hatari imekuwa kubwa. Kwa baba ni 94 na 102.

Vipimo viwe siri. Kila mtu aandike kwenye daftari lake. Asisomewe mtu kilo zake mbele ya watu, wala zisiwe mzaha, hata madhabahuni.

Badilisheni chai ya mkutano. Sukari iwekwe kando, kila mtu atie yake. Punguzeni kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea. Badala ya mandazi, leteni nduma, ngwaci, mahindi ya kuchemsha au mayai.

Pangeni sahani. Nusu iwe mboga, kama terere, managu, kunde au kabichi. Robo iwe ugali, wali, waru au chapati. Robo nyingine iwe maharagwe, ndengu, samaki, yai au nyama. Maharagwe hushibisha muda mrefu na kulinda misuli. Githeri yenye maharagwe mengi ni chakula bora, hatuhitaji cha kununua supamaketi. Mboga mnaweza kupanda kwenye magunia hata kama ploti ni ndogo.

Tembeeni pamoja. Wawili wawili au watatu, asubuhi kabla ya kazi. Anayetembea na mwenzake haachi haraka. Shukeni bodaboda steji moja kabla ya nyumbani.

Fuateni kwa wiki kumi na mbili. Mwisho wake msiulize tu, "Umepungua kilo ngapi?" Ulizeni, "Presha ikoje? Kamba inasemaje? Unapanda ngazi bila kuhema? Unalala vizuri?" Hayo ndiyo matunda.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwetu mtu akikonda watu husema nini? Na akinenepa? Maneno hayo yanamsaidia?

2. Pigeni hesabu: nyumba yako hutumia kilo ngapi za sukari na lita ngapi za mafuta kwa mwezi? Ni pesa ngapi?

3. Nani katika kikundi amewahi kudanganywa na dawa ya kupunguza mwili? Alipoteza nini?

4. Tuchague jambo moja, moja tu, ambalo kikundi kitabadilisha kuanzia mkutano ujao.

Wapendwa, Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu. Hekalu halitunzwi kwa kulidharau, wala kwa kulipiga kelele. Linatunzwa kwa kufagiwa kidogo kidogo kila siku. Kama yule mama yuko kati yenu, mwambieni aweke pesa ya chama mahali pake, avae viatu vyake kesho asubuhi, na msimwache atembee peke yake.